Kwa Mfipa wafundishe na maamuzi yaliyotushinda

Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iko Kwa Mfipa, Kibaha Mjini. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Julai 2018, na Rais Samia Suluhu Hassan akaifungua Februari 2022. Wenye shule ni vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika: CCM, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia na ZANU-PF ya Zimbabwe. Chama cha Kikomunisti cha China kilisaidia ujenzi. Kibaha imezoea heshima ya namna hii. Shirika la Elimu Kibaha, lenye sekondari yake na Hospitali ya Tumbi, lilianza kwa msaada wa nchi za Nordiki miaka ya 1960, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, na watoto waliopita pale wamefika mbali.

Kijana anayeanza siasa ana mengi ya kujifunza Kwa Mfipa, na sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu ni kwa mkubwa. Waziri, katibu mkuu, mkuu wa mkoa au mwenyekiti wa bodi, mtu ambaye saini yake inahamisha watu na mabilioni ya shilingi, akija kukaa pale wiki mbili afundishwe nini? Historia ya chama anaijua. Itifaki anaijua. Kuhutubia ndiko kulikomfikisha alipo. Jibu langu ni kwamba afunguliwe mafaili ya maamuzi ya nchi hii, yale hasa yaliyotushinda, ayasome karatasi kwa karatasi mpaka aone ni meza ipi ukweli ulipopotelea.

Mfano wa kwanza tunao hapa hapa Pwani, nao ni wa korosho.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho, tukawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Sehemu kubwa ilisafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza kwa nini tusibangue wenyewe, na serikali iliuliza. Kwa mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kimoja kilijengwa Kibaha.

Miaka hiyo hiyo ilikuwa ya Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kazi iwe imekwisha. Kusini na Pwani watu wakahamishwa na mikorosho yao ikabaki mahame. Mkorosho una subira, lakini hauvumilii kuachwa. Usipopaliliwa, pori linaupanda. Pori likipanda, moto wa kiangazi unakuja nalo. Wanaolima korosho wanajua pia kwamba korosho huokotwa chini. Kama chini hapafyekwi, mavuno yote yanaozea majanini. Mwenye shamba akawa analala kijiji kipya na mikorosho iko mwendo wa saa kadhaa, huku bei anayolipwa haimpi sababu ya kuufunga mwendo huo kila asubuhi. Ukaja pia ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za serikali.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya tani laki moja na ushei vikakosa cha kubangua. Vingine vilisimama mapema, vingine havikuwahi kufanya kazi inavyopaswa, na deni lake tulilipa.

Ukiuchukua kila uamuzi peke yake, una hoja zake. Kubangua nyumbani ni hoja. Kuwakusanya watu ili wapate shule, maji na zahanati ni hoja pia, na wapo waliozipata. Kilichotuangusha ni kwamba maamuzi haya hayakuwahi kukutanishwa kwenye meza moja na mtu mwenye ujasiri wa kusema kwamba hili linaua lile. Wa viwanda alihesabu mashine, wa operesheni akahesabu kaya zilizohamia. Mkulima wa Kisarawe aliyaona yote mawili kwa macho yake, shambani kwake, na hapakuwa na karatasi ya kumfikisha kwa mkubwa.

Tuitazame hiyo karatasi kwa karibu, maana wengi nje ya serikali hawajui maamuzi yanavyosafiri. Afisa wa chini huandika dokezo sabili. Aya ya kwanza chimbuko la suala, ya pili hali halisi, ya tatu ushauri, mwisho "naomba kuwasilisha". Tuseme ameandika kwamba wananchi wengi hawako tayari kuhama kwa sababu mashamba yatakuwa mbali. Dokezo linapanda kwa mkuu wa kitengo, ambaye analainisha: baadhi ya wananchi wanahitaji kuelimishwa zaidi. Linapanda kwa mkurugenzi, ambaye ana kikao kesho na asingependa aonekane kikwazo: uhamasishaji unaendelea vizuri. Likifika kwa mwenye kauli ya mwisho lina mistari mitatu ya "nakubaliana na ushauri" na sahihi tatu pembeni. Anasaini kwa nia njema kabisa. Hakuna aliyesema uongo mkubwa njiani. Kila mmoja amepunguza kidogo tu, na aliyeketi juu amepokea habari ambayo haina uhusiano na shamba la mtu yeyote.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa, yaani mkubwa hutupiwa kila kitu, kizuri na kibaya, naye hupokea. Kwenye ofisi zetu jaa hilo hufagiliwa kabla mwenyewe hajaliona. Ndiyo maana nasema mtu anavyopanda cheo ndivyo anavyohitaji shule zaidi. Akili yake haijapungua. Waliokuwa wakimsahihisha ndio waliopungua.

Hapa ndipo mfano wa Mwalimu mwenyewe, ambaye shule imebeba jina lake, unapofaa kusomwa bila woga. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Kampuni ya ushauri ya Marekani, McKinsey, ilishiriki kuuchora. Nia ilikuwa kuyatoa maamuzi Dar es Salaam na kuyasogeza kwa wananchi, na wataalamu wengi walihamishiwa mikoani. Lakini mpango huo huo ulizifuta halmashauri za wilaya, zile zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa. Miaka miwili baadaye zikafutwa za miji. Mitaro ikaziba, barabara za mitaa zikachimbika, taka zikalundikana, na kipindupindu kilichotupiga katika miaka hiyo kikasaidia kuonyesha kilichokuwa kimepotea. Mwaka 1978 sheria ya kuzirudisha mamlaka za miji ikapitishwa. Za wilaya zilirejeshwa kwa sheria ya 1982 na kuanza kazi 1984. Ushirika nao ulirudishwa kwa sheria ya 1982.

Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1984, Mwalimu, akiwa bado Rais na Mwenyekiti wa chama, alisema kwamba kama angeanza upya yapo mambo asingeyafanya, na akayataja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Sijui wakuu wangapi wa nchi duniani wamewahi kusema jambo zito hivyo wakiwa bado kitini. Watu wanaoutaja unyenyekevu wake kwa kuangalia mavazi wangeangalia hapo.

Hata hivyo kurekebisha kosa hilo kulichukua miaka 12, na kwa nini kulichukua miaka yote hiyo ndilo somo ambalo ningependa lifundishwe Kwa Mfipa kuliko lolote. Uamuzi wa 1972 uliwaondoa madiwani, watu ambao kazi yao ilikuwa kumwambia mkubwa kwamba jambo haliendi. Uamuzi wa 1976 uliwaondoa viongozi wa ushirika, waliokuwa na sauti ya kusema mkulima anaacha zao. Baada ya hapo serikali ilibaki na taarifa za watumishi wake yenyewe, na mtumishi anayesubiri kupandishwa cheo huandika kama nilivyoeleza. Uamuzi mbaya ambao bado una wapinzani mezani hurekebishwa ndani ya msimu mmoja au miwili. Ule unaowaondoa wapinzani wake huishi muda mrefu, kwa sababu umeziba njia ambayo habari zake zingerudi. Kiongozi mkubwa akiletewa pendekezo lolote, la kufuta bodi, kuunganisha taasisi, kupunguza vikao, kubana ripoti za mkaguzi, swali lake la kwanza lingekuwa hilo: likipita, nani atabaki wa kuniambia kwamba limekwama?

Mwalimu alilijua hilo mapema, nadhani. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kuzunguka nchi kukijenga chama. Aliingia Ikulu Desemba mwaka huo akiwa Rais. Alikuwa ameutumia mwaka huo kukaa na watu wasiofanya kazi chini yake. Naamini miaka ya 1970 ilikosa mwaka kama huo.

Wa pili ninayetaka asomwe ni Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure, mkoani Pwani. Mwaka 1976 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Katika msako wa watuhumiwa wa mauaji huko Mwanza na Shinyanga, baadhi ya waliokamatwa walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakumgusa mtu. Mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu pamoja na viongozi wengine, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Akapelekwa ubalozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na Novemba 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya bahati. Mimi nakiona ni kisa cha mtu aliyekomaa kwa kulipa deni ambalo angeweza kulikwepa. Aliyewahi kuachia ofisi kwa jambo lililofanywa na walio chini yake hawezi tena kusoma taarifa ya "hali ni shwari" kwa macho yale yale.

Alipoingia Ikulu maduka yalikuwa na rafu tupu, sabuni na sukari vinatafutwa kwa kujuana. Agosti 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shirika ambalo masharti yake Mwalimu aliyapinga kwa miaka. Na Mwalimu alikuwa bado Mwenyekiti wa CCM, aliachia uenyekiti mwaka 1990. Hebu fikiria ugumu wa meza hiyo. Mwinyi hakuwa na ubabe wa kumshinda mtangulizi wake kwa maneno. Alikuwa na hali ya soko iliyoonekana na kila mtu, mlango ambao bajeti ya 1984 ilikuwa tayari imeufungua kidogo, na wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Nguyuru Lipumba na Benno Ndulu, waliokuwa wakibishana kuhusu sera hadharani katika warsha zilizoanza mwaka huo huo wa 1984. Ubishi huo wa chuoni ulimsaidia Rais kuliko ambavyo pongezi zingemsaidia. Mageuzi hayo yaliumiza wengi pia, ada na gharama za matibabu zikarudi kwa wazazi, na hilo nalo liwemo kwenye faili.

Kisha tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuhusu mfumo wa vyama, ambayo Mwinyi aliiunda mwaka 1991. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, karibu asilimia 20 wakataka vyama vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi, chama tawala kikakubali, na sheria ikaanza kutumika Julai 1992. Ningekuwa mwalimu pale Kwa Mfipa ningelipa swali hili siku nzima. Je, ni halali kwa viongozi kwenda kinyume na wanane katika kila kumi? Nani alipima uzito wa sauti ile ndogo, na kwa mizani gani? Binafsi naona uamuzi ulikuwa sahihi, kwa kuwa wachache wale walikuwa wanadai nafasi ya kusikika, na wengi hawakupoteza nafasi yao kwa wachache kuipata. Lakini tume ile ile ilitaja sheria 40 za kukandamiza zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na sehemu kubwa ya ushauri huo ilibaki kwenye karatasi miaka mingi. Kwa hiyo faili hilo moja lina ujasiri na uzembe pamoja, na mwanafunzi mkubwa anahitaji kuviona vyote viwili.

Nje ya hapa kuna mfano mmoja unaofaa kwa sababu ni wa mtu yule yule kabla na baada. Aprili 1961 Rais John Kennedy wa Marekani aliruhusu uvamizi wa Cuba uliokuja kuwa aibu, baada ya vikao ambamo washauri wenye shaka walinyamaza. Oktoba 1962, Marekani ilipogundua makombora ya Muungano wa Kisovieti huko Cuba, aliunda kamati ndogo na baadhi ya vikao akatoka chumbani makusudi, ili wa chini wabishane na wa juu bila kumtazama yeye usoni. Waliobishana walimpatia njia ya kuizingira Cuba baharini badala ya kuipiga, na dunia ikanusurika. Katika vikao vyetu mwenyekiti hufungua kwa kutoa mwelekeo, na baada ya hapo kazi inayobaki ni kuunga mkono hoja.

Semina peke yake haitoshi, na hilo tumelijaribu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete, ambaye mwenyewe alisoma Kibaha Sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, aliwapeleka mawaziri na watendaji wakuu Ngurdoto, Arusha, kwa semina elekezi. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, baada ya kamati teule ya Bunge kuwasilisha ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, uliosainiwa mwaka ule ule wa Ngurdoto. Semina ilifundisha wajibu. Kilicholeta suala mezani kilikuwa Bunge lenye nguvu ya kuita watu na kuuliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa shule lina mambo ya kawaida kabisa. Kila kikao cha nchi hii, kuanzia serikali ya kijiji Maneromango mpaka bodi ya shirika la umma, kina ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita. Ni ajenda inayopitishwa haraka kuliko zote: limetekelezwa, linaendelea, limetekelezwa. Mkubwa afundishwe kuikalia. Siku ya kuamua, muhtasari uandike tulitarajia nini, kufikia lini, na dalili gani ikionekana tutarudi nyuma. Kwenye yatokanayo, tarehe ile ikifika, karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote. Kama viwanda 12 vya korosho vingekuwa na mstari mmoja wa namna hiyo, kwamba mavuno yakishuka misimu miwili mfululizo ujenzi usimame, nani anajua tungeokoa vingapi.

Na kwa kuwa shule ni ya vyama sita, darasa hilo liwe na masikio ya nje. Vyama vyote sita vilikuwa madarakani siku shule inafunguliwa, na watu walioshinda pamoja hupata tabu kuambiana habari mbaya. Mei 2024 ANC ilipoteza wingi wa kura kwa mara ya kwanza tangu 1994, ikapata takribani asilimia 40. Wana-ANC waje waeleze dalili walizoziona mapema na nani alizipuuza. Waitwe pia madiwani wa upinzani, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wakaguzi. Wasije kama wageni waalikwa wa kupiga makofi. Wapewe saa nzima ya kuuliza.

Najua watakaosema kwamba kufukua makosa ni kuwavunjia heshima wazee. Wazee wenyewe walishatangulia. Mwalimu alisema yake 1984. Benjamin Mkapa, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2019, aliyaandika mauaji ya Pemba ya Januari 2001 kama doa la urais wake. Mwinyi alizindua chake Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Vitabu vyote viwili vilitoka kwa msaada wa Taasisi ya Uongozi, chombo cha serikali kilichoanzishwa 2010. Kwa hiyo malighafi ipo, na baraka za wenyewe zipo.

Kinachokosekana ni ushahidi wa wale wa katikati: makatibu wakuu, wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa wa miaka ya 1970, maafisa kilimo walioandika dokezo la kwanza kabla halijalainishwa. Baadhi yao wamestaafu na wanaishi Kibaha, Mlandizi na Kisarawe, karibu kabisa na lango la shule. Mkapa alitutoka Julai 2020 na Mwinyi Februari 2024. Hawa waliobaki waiteni mwaka huu, wakiwa bado wanakumbuka nani alisema nini na nani alinyamaza.